Kompyuta za shule: tubaki na Linux au turudi Windows?

Mwalimu wa Kata: Wadau, habari za jioni. Naomba mawazo bila matusi. Shuleni kwetu tuna kompyuta 22 za mtumba, nyingi zimepita miaka kumi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10, na Windows 11 inazikataa mashine hizi kwa sababu prosesa zake ni za zamani. Likizo nikafuta zote, nikaweka Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, na LibreOffice, programu za ofisi, vyote bila kulipia. Zinawaka upesi, na virusi vya flashi vimetuacha. Sasa wazazi wamenijia juu kikaoni: mtoto anafundishwa kompyuta ambayo hataikuta ofisi yoyote. Mwenyekiti wa bodi ananitaka nizirudishe zilivyokuwa. Je, nimewakosea watoto?

Mhasibu Ilala: Pole mwalimu, lakini umewakosea. Mwezi uliopita tulifanya usaili wa makarani, na swali la kwanza lilikuwa Excel, programu ya majedwali ya Microsoft. Aliyesema anajua "kitu kinachofanana na Excel" hatukumwita tena. Halafu cha bure hakina mwenyewe. Kikiharibika utampigia nani? Rahisi ghali.

Fundi Kariakoo: Dada, simu unayoandikia kama si iPhone ni Android, na chini ya Android kuna Linux. Hiyo mbona hujaikataa? Na hizo Windows mnazozisifia, risiti ziko wapi? Nipo dukani mwaka wa kumi na moja. Wateja wanaoniomba leseni halisi nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wengine wote ni "niwekee tu fundi, nina haraka".

Mhasibu Ilala: Fundi, unanijua mimi? Ofisini kwetu leseni zipo, na hundi yake naiandaa mwenyewe kila mwaka. Wanaochakachua ni nyinyi mafundi, kisha mnatugeuzia kibao. Kompyuta ya mdogo wangu ilirudi kutoka kwa fundi ikiwa na kirusi kilichofunga mafaili yote, picha za harusi ya mama zikiwemo. Hazijapatikana hadi leo.

Fundi Kariakoo: Pole kwa picha, nasema kwa moyo. Lakini usitupake matope wote. Mteja ana elfu kumi na tano mfukoni, na leseni moja ni zaidi ya laki. Nikimwambia ukweli anahamia duka la pili. Ndiyo maana namuunga mkono mwalimu. Kwenye Linux simuibii mtu, na usiku nalala.

Mvita Asilia: Nyote mwaandika "kompyuta", "prosesa", "flashi". Lugha ina neno tarakilishi. Mwalimu akianza na majina ya kigeni, mwanafunzi atajifunza nini?

Kijana wa Sinza: Tarakilishi inaishi kwenye vitabu vya shule huko Kenya. Nenda duka lolote Mombasa useme "nauza tarakilishi" uone watakavyokutazama.

Mvita Asilia: Babangu ni mvuvi, na maneno ya bahari aliyonifunza hamuyajui nyinyi. Usinifunze Kiswahili cha Mombasa, ndugu yangu. Neno halizaliwi likiwa na wasemaji. Hata "rununu" mlilicheka.

Kijana wa Sinza: Na hadi leo tunasema simu.

Mfasiri: Shikamooni wakubwa. Hapa niseme kidogo, maana ndiyo kazi yangu. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, kupitia mradi wa Kilinux. Waliketi wakabishana neno kwa neno, kama nyinyi hapa. Hawakumwomba mtu ruhusa, kwa sababu msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, ulikuwa wazi. Programu iliyofungwa hutafsiriwa mwenye mali akiona soko linamlipa. Na dada Mhasibu, programu za namna hii tunaziita "huria", na "huria" si "bure". Chuo Kikuu Huria wanafunzi wanalipa ada, na soko huria hakuna anayegawa nyanya. Huria maana yake hujafungwa: unaruhusiwa kuona ndani, kubadili na kumpa jirani. Bure ni neno lenye mkosi kwetu, ndiyo maana tunasema "kafa bure", "kahangaika bure". Tukiita programu hizi za bure tunazizika wenyewe.

Mvita Asilia: Ahsante mwanangu. Ila kwenye OpenOffice hiyo walitumia neno gani, kompyuta au tarakilishi?

Kijana wa Sinza: Mzee, tuachie hapo tafadhali. Mimi niulize: kama ni nzuri kiasi hicho, mbona Wajerumani waliacha? Jiji la Munich walihamia Linux, wakarudi Windows.

Nairobi Mashariki: Munich ni kweli, baraza lilipiga kura ya kurudi 2017, na siasa ilikuwa nyingi ndani yake. Lakini jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani hiyohiyo, 2024 wakatangaza wanahamia LibreOffice na Linux, watumishi kama elfu thelathini. Usichukue nusu ya hadithi. Tangu Novemba 2017 kompyuta kubwa 500 zinazoongoza duniani zote zinaendeshwa kwa Linux. Hawa Wamarekani wa Ubuntu, Linux ya aina nyingine, walijua wanachofanya.

Binti Moshi: Ubuntu si ya Wamarekani! Aliyeianzisha 2004 ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lenyewe ni la kwetu Wabantu, ni utu. Walikuwa wanatuma CD hadi posta bila malipo. Nilijaza fomu nikiwa kidato cha tatu, bahasha ikafika kwenye sanduku la baba. Baba alidhani nimeagiza filamu mbaya, nusura anichape. Kompyuta ya kwanza kuijua ndani na nje ilikuwa hiyo, na leo nalea wanangu kwa kazi ya seva. Mtu akisema vitu hivi havina thamani ananigusa mimi.

Mhasibu Ilala: Sikusema havina thamani. Nimesema havina mwenyewe. Msinilishe maneno.

Nesi wa Zahanati: Jamani, sisi wa afya mnatusahau. Takwimu zetu za kila mwezi, chanjo, wajawazito, malaria, zinaingia DHIS2, na hiyo ni huria. Mizizi yake ni Afrika Kusini na Chuo Kikuu cha Oslo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana mkono wao. OpenMRS ya kumbukumbu za wagonjwa wa VVU nayo ilikulia Eldoret. Kwa hiyo wapo wenyewe. Lakini dada Mhasibu naye ana hoja: mfumo ukigoma wiki ya kuripoti, anayeuelewa yuko mkoani, na simu yake inaita tu. Nimewahi kujaza karatasi hadi saa tano usiku na mtoto mgongoni.

Kijana wa Sinza: Na usalama? Kila mtu akiona ndani, mwizi naye anaona. Ile xz ya 2024, programu huria ya kubana mafaili, mmeisahau? Mtu alijifanya msaidizi miaka miwili, akaaminiwa, akapenyeza mlango wa siri.

Binti Moshi: Aliyeugundua ni mtaalamu wa programu, Andres Freund. Aliona kuingia kwenye mashine kunachelewa nusu sekunde, akachimba. Angechimbaje kama msimbo umefungwa? Kinachoniuma mimi ni kwamba xz ilitegemea mtu mmoja aliyechoka, wakati makampuni makubwa yanaitumia na hayamlipi. Hilo ndilo la kupigia kelele.

Mwalimu wa Kata: Nawashukuru, nimesoma yote. Dada Mhasibu, kwako naomba jambo moja: kwenye usaili mpe mtoto jedwali la mishahara alijaze, usimuulize jina la programu. Wangu wanajumlisha, wanachuja, wanachora grafu.

Mhasibu Ilala: Hilo sikatai. Ila mwajiri mwingine hatafanya hivyo, na ndiye atakayemkuta.

Mwalimu wa Kata: Ni kweli, na ndiyo inayoninyima usingizi. Fundi, msaada mwingine. Kikao ni Jumamosi, nataka wazazi waone kazi za watoto kwenye karatasi. Printa yetu inakubali, inanguruma, kisha inatoa karatasi nyeupe tupu. Kwenye Windows ilikuwa inachapa.

Fundi Kariakoo: Nitajie aina na namba iliyoandikwa nyuma yake, mwalimu. Na usizime, kwanza niangalizie dreva ipi, yaani programu ya kuiendesha printa, imejichagua yenyewe.