Mmeniuzia injekta za uongo, mmenijazia silikoni kwenye sampu, halafu mnaniambia "Subaru ndivyo zilivyo"

Wakuu, leo nina hasira na sitaificha. Niko Mtwara mjini. Gari ni Impreza WRX, injini EJ20 ya tubo, na injini yenyewe sasa hivi iko chini gereji: beringi za konrodi zimeisha, krenki imechimbika, na watu wawili walioifikisha hapo wanatupiana mpira. Muuza spea anasema fundi kakosea. Fundi anasema spea mbovu. Wakiishiwa maneno wanakutana hapo hapo: "Subaru ndivyo zilivyo, bosi." Hiyo kauli ndiyo imenifungulisha uzi.

Naanza na muuza spea. Duka liko Kariakoo, jina sitaji. Aliniuzia seti ya injekta nne, vile vinavyonyunyizia injini petroli, akidai ni za cc 550 kwa dakika, "orijino mtumba wa Japani, unafunga unatembea". Zikaja kwa basi, zimeviringishwa gazeti ndani ya boksi la viatu. Karatasi ya vipimo hakuna. Risiti ya EFD? "Ukitaka risiti bei inapanda." Na ile ilikuwa hela ya korosho. Ndugu zangu wa Newala na Tandahimba mnaijua hela ya korosho inavyotoka: upulizie salfa, uokote, usubiri mnada, halafu usubiri tena malipo.

Sasa hiyo "unafunga unatembea" ni uongo, na anayeuza vitu hivi kila siku anajua kuwa ni uongo. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, haipimi petroli inayotoka kwenye injekta. Kazi yake ni kuifungua kwa muda mdogo sana na kuifunga, ikiamini injekta ni ile ile ya kiwandani. Za kwangu za mwanzo zilikuwa kama cc 440 kwa dakika. Weka za 550 bila kuandika upya mapu, yaani jedwali ambalo kontroli boksi inalifuata kutoa petroli, kila ikifunguka inamwaga robo nzima zaidi ya ilivyoombwa. Ukitembea taratibu, sensa ya oksijeni inajitahidi kupunguza. Ukikanyaga, tubo ikavuta, kontroli boksi inaachana na sensa na kufuata jedwali lake. Hapo petroli inazidi, inaosha kuta za silinda, inapita kwenye ringi za pistoni na kuteremka hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Nilichomoa dipstiki nikanusa: petroli tupu. Oili iliyochanganyika hivyo inakuwa nyepesi, na oili nyepesi kwenye beringi za injini ya tubo ni msiba.

Fundi naye nilimuuliza mapema kabisa, kabla hajashika spana: mapu je? Akanijibu, "Kontroli boksi itajizoesha yenyewe, kaka." Itajizoesha!

Injini ilipokufa nikazituma injekta Dar zikapimwe kwenye mashine, maana huku kwetu sijaona pa kuzipimia. Presha bar 3, dakika moja. Majibu: 548, 541, 552, na moja 497. Seti iliyolinganishwa vizuri haipishani zaidi ya asilimia 1 au 2. Hii inapishana karibu asilimia 10. Hiyo ya 497 badala ya kunyunyiza ukungu inatema mstari, na ukiiangalia ncha kwa lenzi unaona kingo za tundu zina mikwaruzo, mtu kaichokonoa. Kwa hiyo hata ningempata mtu wa mapu, angeandika kwa kuamini zote ni 550, na hiyo silinda moja ingekosa mafuta wakati tubo inasukuma. Sensa ni moja tu kwenye eksozi, inaona wastani wa silinda zote nne, isingemwambia kitu. Pistoni ndiyo ingepasuka kwenye kingo za ringi. Yaani kwa mzigo ule nilikuwa nakufa kwa njia hii au kwa ile.

Tuje kwenye oili, maana hapa ndipo damu inanichemka zaidi.

EJ20 ni injini iliyolala, silinda mbili kila upande. Kwenye kona ndefu ya spidi oili inakimbilia upande mmoja wa sampu na bomba la kufyonza linabaki kuvuta hewa. Dawa yake inajulikana: unafunga bamba lenye vizuizi ndani ya sampu ili oili isikimbie, na unabadilisha bomba la kufyonza, kwa sababu lile la kiwandani lina historia ya kupasuka kwenye maunganisho. Nililipia vyote viwili. Bomba halikuguswa, ni lile lile na utando wake wa miaka yote. Bamba alichonga mwenyewe, akachomelea, na matone ya kuchomelea hakuyasafisha.

Halafu silikoni. Wakuu, silikoni! Tulipoangusha sampu, wavu wa bomba la kufyonza umejaa vipande vya kijivu vimejikunja kama minyoo. Nilikaa pale na koleo la ncha nyembamba navichomoa kimoja kimoja naviweka kwenye kifuniko cha kopo la oili, na fundi amesimama pembeni anachezea simu. Wavu uliobaki wazi haukufika nusu. Silikoni ya sampu inapakwa uzi mwembamba, basi. Ukipaka kama unaziba paa, ukikaza bolti inabinyika nje na ndani. Ya nje utaifuta na kitambaa, gari litaonekana limefungwa vizuri. Ya ndani inakatika, inasafiri na oili, inaishia pale pale pampu inapofyonza.

Nafasi kati ya wavu na sakafu ya sampu baada ya kuongeza bamba, je, aliipima? Unaweka udongo wa kuchezea watoto kwenye wavu, unafunga sampu bila silikoni, unafungua, unapima unene wa udongo uliobaki. Ni kazi ndogo tu. Aliponiangalia nilipomuuliza nikajua hajawahi hata kuisikia.

Na geji ya presha ya oili nilimwomba. "Geji urembo, taa si ipo?" Taa nyekundu ya oili ya Subaru inawaka presha ikishashuka hadi psi 2 hivi (psi ni kipimo cha presha). Wenye injini hizi tunahesabu kama psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Kwa hiyo taa haikuonyi, inakupa taarifa ya msiba. Ya kwangu iliwaka baada ya Mikindani, nikazima hapo hapo, na tayari ilikuwa inagonga. Nikavutwa na Canter hadi mjini.

Sasa mnaosema Subaru ndivyo zilivyo. EJ20 ilianza kwenye Legacy mwaka 1989 na imetengenezwa miaka 30. Subaru ilichukua ubingwa wa dunia wa rali kwa watengenezaji 1995, 1996 na 1997 na injini za ukoo huu huu. Hapa Mtwara zipo Forester za tubo zinakwenda Dar na kurudi, joto la Lindi, mashimo ya Somanga, na hazijanoki, kwa sababu hakuna aliyezichokonoa.

Ninachodai: duka lirudishe hela ya injekta, ripoti ya mashine ninayo. Fundi arudishe hela ya bomba ambalo hakulifunga, hilo halina mjadala hata kidogo. Na kwa kuwa bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, barua naiandika wiki hii na picha za ncha za injekta zitaambatana nayo.

NYONGEZA: Mnaonijia inbox mkitaka jina la duka, hapana, mimi nitalitaja kwenye barua. Wewe uliyesema "ungenunua IST", asante, endesha IST yako kwa amani. Aliyeuliza mnato wa oili, nilikuwa natumia 5W-40, mpya, kwa hiyo msihamishie lawama huko.

Aliyesema ana krenki ya EJ205 (toleo la EJ20 ya tubo) hapo Masasi, nipigie picha majono yake, zile sehemu zinazokaa kwenye beringi, na unitumie bei. Nitakuja mwenyewe, na napima kwa maikromita kabla sijalipa.