Gawio la pombe ni langu?

Swali: Nimejiwekea akiba kutoka duka langu la Marikiti, na dalali ananishauri ninunue hisa za East African Breweries, kampuni ya kutengeneza pombe. Mimi sinywi wala siuzi pombe. Je, kula gawio lake (faida wanayogawiwa wenye hisa) si sawa na kuiuza?

Jibu: Ndugu yangu, mwenye hisa moja naye ni mwenye kampuni. Hatifungani za serikali (yaani kuikopesha serikali) nazo zina riba, ambayo kwetu Waislamu pia ni haramu, ila mwaka 2023 iliorodheshwa kwenye soko la hisa la Nairobi Linzi Sukuk, hatifungani ya Kiislamu ya kujengea nyumba pasipo riba.

Jibu la pili: Ukinunua hisa sokoni, fedha humwendea aliyekuuzia, si kiwanda, kwa hivyo hukiongezei mtaji, lakini gawio (hapo sikutetei) hutokana na chupa zilizouzwa.

Muulizaji: Ahsanteni. Hilo gawio ndilo lililokuwa likinikosesha usingizi. Nitamwambia dalali anitafutie kampuni nyingine.