Mrejesho: filimbi ya mdomo au spika ya rimoti kwa kuita koyote

Wakuu, niliuliza kipi kinafaa kuwaitia koyote (mnyama pori wa jamii ya mbwa, kama bweha) tunapowawinda huku Texas, filimbi ya kupuliza au spika yenye sauti zilizorekodiwa. Asanteni sana kwa majibu, nimetumia vyote viwili.

Uzuri mkubwa wa spika uko kwenye upepo. Koyote akisikia kilio cha kuigiza cha sungura aliyeumia, mara nyingi haji moja kwa moja, huzunguka kwanza hadi upande unakoelekea upepo ili anuse. Ukiitega spika mita 40 hivi mbele yako, upande upepo unakotoka, macho yake yanabaki kule na mzunguko wenyewe unampitisha mbele ya bunduki. Ukipuliza filimbi, sauti inatoka ulipokaa na kila mkono unavyosogea anauona.

Lakini filimbi siiachi. Ile yenye ulimi wazi (kibamba chembamba kinachotetema, kiko nje unakigusa kwa meno), ukisogeza meno kidogo tu sauti inapanda au kushuka, unakifisha kilio taratibu kama sungura anayekata roho. Tena koyote mmoja aliganda ukingoni mwa vichaka vya mesquite huku spika inalia. Niliizima, nikafyonza mgongo wa mkono kuiga mlio wa panya, akaja mbio.

Aliyeuliza kuhusu sheria: Texas koyote huwindwa mwaka mzima na spika inaruhusiwa, ila kata leseni na upate ruhusa ya mwenye shamba. Majimbo mengine yana kanuni zake.