Kupe msimu wa mvua: tupeane uzoefu, wa ng'ombe na wa miili yetu

Kijiti (mleta mada)
Wakuu, mvua zimekolea, majani yamepanda, na kila nikishika sikio la ng'ombe nakuta kupe wamejaa. Mada za kupe ni nyingi, ila karibu zote zinaishia kwenye dawa ya kuogesha. Safari hii naomba tuguse na upande wetu: nani ameshaugua, au kuuguliwa, kwa sababu ya kupe?

Naanza. Kijana anayetuchungia aliamka na homa, kichwa kinagonga, shingo imekaza. Alipopimwa malaria hakukutwa nayo, akapewa dawa ya malaria hivyohivyo. Homa ikabaki palepale. Tabibu mwingine ndiye aliyemwambia akunje suruali: nyuma ya goti kulikuwa na kidonda kidogo chenye gamba jeusi, na tezi za kinena zimevimba. Akamuuliza, "Kazi yako nini?" Homa ya kupe. Akaandikiwa doksisaiklini, na haikupita wiki akawa malishoni. Mkienda kutibiwa, semeni mnafuga. Msisubiri kuulizwa.

Mama Ndama
Pole kwa kijana. Ndama wangu alivimba tezi chini ya sikio, akapandisha homa, akakohoa, tukaambiwa ndigana kali. Watoto wangu walikuwa wakimshikashika kutwa nzima. Haiwezi kuwapata?

Daktari wa Zizini
Hapana, mama. Kimelea cha ndigana kali, Theileria parva, ni cha ng'ombe na nyati, mtu hakimpati. Natumaini ndama alitibiwa mapema. Dawa ya buparvakwoni husaidia ikiwahi, ukingoja mpaka povu litoke puani mapafu yameshajaa maji.

Cha kuangalia kwa watoto ni kupe wenyewe. Yule wa kahawia wa kwenye sikio ndiye mleta ndigana kali. Yule mkubwa mwenye madoa ya rangi mgongoni, anayependa kiwele na kinena, huwapa ng'ombe ugonjwa wa maji moyo, na ndiye humpa mtu homa kama ya yule kijana. Wa tatu ana miguu yenye pingili za rangi mbili, na huyo ndiye ninayemwogopa: hubeba virusi vya homa ya Crimea-Kongo. Ng'ombe mwenye virusi hivyo haonyeshi dalili yoyote, anakula na kucheua, huku virusi viko kwenye damu yake kwa takriban wiki moja. Mtu huvipata kwa kung'atwa, kwa kumpasua kupe kwa vidole, au kwa damu wakati wa kuchinja. Katika milipuko huua kati ya asilimia 10 na 40 ya wanaougua. Homa ya ghafla na kutokwa damu kwenye fizi au puani baada ya kuchinja ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, na mhudumu aambiwe mapema ili ajikinge.

Mswaga
Kumbe! Hapa kwetu kupasua kupe kwa kucha ndio mchezo wa wachungaji.

Bomba Mgongoni
Niseme la kuogesha maana linaniudhi. Watu wanapulizia mgongo mpaka unang'aa, wakati kupe wako ndani ya sikio, chini ya mkia, kwapani na katikati ya kwato. Halafu dawa inazimuliwa ili ifike mwisho wa mwezi. Ukizimua unaua wale dhaifu, sugu wanabaki kutaga, na jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Dawa ikigoma, mtu ananunua chupa nyingine yenye jina jingine na kiambata kilekile kinachoua kupe. Someni kibandiko, wakuu. Kama ulikuwa na dawa ya kiambata cha amitrazi, hamia kundi jingine kabisa, na uulize mtaalamu kwanza.

Mvua zikiwepo sirefushi nafasi kati ya muogesho na muogesho. Kimelea cha ndigana kali huhitaji siku tatu hivi tangu kupe ajishike ndipo kikomae kwenye mate yake, kwa hiyo kupe aliyekufa mapema hajaambukiza.

Mswaga
Na aliyeshanata kwenye ngozi ya mtu? Mafuta ya taa?

Daktari wa Zizini
Wala moto wa sigara. Ukimchokoza anaweza kutapika ndani ya jeraha. Shika kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha, osha kwa sabuni. Usiku kagueni nyuma ya magoti, kwapa, kinena na kwenye nywele za watoto.

Fundi Udongo
Msisahau papasi, naye ni jamii ya kupe. Huyo hakai kwenye nyasi, anajificha kwenye nyufa za kuta na sakafu ya udongo, anang'ata usiku na kuondoka. Mjomba aliugua homa inayokata siku kadhaa kisha inarudi, mpaka tulipoziba nyufa.

Kijiti
Basi kiangazi tupumzike?

Daktari wa Zizini
Kiangazi kupe wakubwa hupungua, lakini mvua zikikatika ndipo wachanga hutoka kwa wingi, wadogo kama punje za pilipili manga zilizosagwa, na wengi hawaonekani kwa haraka. Ukipita kwenye nyasi kavu, chomeka suruali ndani ya soksi, na ukifika nyumbani badilisha nguo kabla ya kukaa kitandani.