Kudarizi visa vya maisha kama Wahmong: tuanzie wapi?

Mwanaujiji
Wadau, habari za jioni. Kikundi chetu cha kina mama hapa Ujiji kinadarizi vitambaa vya makochi, maua kila siku. Sasa tunataka kila mama adarizi kisa chake: kuvuka ziwa, kukamua mawese, dagaa wa usiku, kama Wahmong, kabila la Laos, walivyofanya. Kitambaa kiwe na ukubwa gani? Picha nyingi tuzipange vipi zisigombane? Na tufanyeje kisikunjamane?

FundiSindano
Dada, paj ntaub, yaani kitambaa cha kudarizi, ya asili ya Wahmong haina watu. Ni maumbo kama konokono, mengine hupatikana kwa kukata kitambaa cha juu na kupinda kingo ili cha chini kionekane. Vitambaa vyenye visa vilishamiri kwenye kambi za wakimbizi Thailand, hasa Ban Vinai, baada ya Wahmong kuikimbia Laos kuanzia 1975. Mara nyingi wanaume walichora, wanawake wakadarizi, na vikauzwa.

Cha kujifunza kwao ni mpangilio. Mara nyingi hawagawi kitambaa kwa vyumba. Njia na mto ndivyo vinavyoongoza macho. Mara nyingi Mekong, mto wa mpakani mwa Laos na Thailand, hukata katikati, vita upande mmoja, kambi upande wa pili. Kwenu ziwa Tanganyika lifanye kazi hiyo hiyo, tena lidariziwe kwa mistari michache tu ya mawimbi. Mkilijaza lote mtamaliza uzi na kitambaa kitakakamaa.

Chukueni sm 60 kwa 90, mkiacha sm 8 kila upande za pindo. Mtu awe na urefu wa sm 4 au 5. Chini ya 3, mikono haidariziki. Sura msihangaike nazo: mtu ajulikane kwa nguo na kazi aliyoshika, kama yule wa dagaa na karabai yake.

Mama Gungu
Naongezea, mwanangu. Fueni kitambaa cha pamba kabla ya kuchora, maana kikinywea baadaye picha zote zinajikunja. Choreni kwa penseli. Wino wa kalamu husambaa kikilowa.

Uzi wa kudarizi una nyuzi ndogo 6. Tumieni 2 kwa mwili na nguo, 1 kwa vidole na miale ya karabai. Kata urefu wa sm 45 hivi. Ukizidi unasokotana na kuchakaa kwenye tundu la sindano. Zungushieni umbo mshono wa mnyororo kwanza, kisha mjaze ndani. Mshono wa kujaza usizidi sm 1, utalegea na kunasa. Nguo pana igaweni mara mbili.

Kukunjamana husababishwa na kuvuta uzi sana au kuruka nao nyuma ya kitambaa kutoka picha moja hadi nyingine. Kateni, mwanze upya. Ringi ya kubania kitambaa itolewe kila mkimaliza kazi, isiache alama.

Mwanaujiji
Asante sana mama. Na uzi mwekundu, nitajuaje kama hauchuji rangi?

Mama Gungu
Lowesha kipande cha uzi, ukibane kwenye kitambaa cheupe usiku kucha. Kikiacha doa, uzi huo msiutumie.