Naomba ushauri: upepo wa breki unashuka nikiteremka Kitonga na mzigo

Habari zenu wakuu. Nina miezi minne tangu nipewe semi (lori la kuvuta tela), natoa shaba Tunduma kuleta Dar. Juzi nateremka mlima Kitonga, kule Iringa, gia ya nne, eksozi breki (inayobana moshi wa injini ili gari lipunguze mwendo) nimewasha, lakini mbele yangu kuna lori linatambaa, ikabidi nikanyage na kuachia breki mara nyingi. Geji ya upepo ikatoka baa 8 ikaja 5 na kitu, king'ora kikaanza kulia. Nilishikwa na hofu kweli. Nikashusha hadi gia ya pili, nikakanyaga mara moja kwa nguvu, nikasimama pembeni, tukaweka vigingi vya kuzuia matairi.

Matairi ya tela yalikuwa yananuka lainingi (bitana za breki) zilizoungua. Utingo alipofungua koki ya mtungi wa upepo yalitoka maji, na juu yake utandu mweusi wa mafuta. Gari likiwa limezimwa, breki ya mguu nimeachia, upepo hauvuji hata kidogo, geji inatulia. Nikikanyaga na kushikilia ndipo nasikia "sss" upande wa tela.

Naombeni mnisaidie: hayo mafuta ni kompresa (pampu ya upepo) imechoka, au draya (kikausha upepo) ndiyo imekufa? Na huo mvujo wa tela ni dayafram (mpira wa ndani ya chemba ya breki)? Fundi anataka abane breki za tela tu niondoke. Bosi naye anasema mzigo unachelewa. Mimi sijakubali kuliwasha, maana upepo ukiisha kabisa breki za springi zitajifunga zenyewe, na kwenye kona zile nyuma yangu kuna mabasi. Mngekuwa ninyi mngeanza kufungua wapi?