Viper ya Jet Provost na ya Strikemaster: ndani kulibadilishwa nini?

Bawa_Nyuma:
Wakuu, nafuatilia ndege za mafunzo za Uingereza. Jet Provost T.1 (T.1, T.3 na kadhalika ni matoleo yake) iliruka mara ya kwanza tarehe 26 Juni 1954 ikiwa na msukumo wa paundi 1,640. Strikemaster, yaani toleo la mashambulizi la Jet Provost ambalo Kenya nayo ilinunua sita, zilifika paundi 3,410. Injini zote zinaitwa Viper. Nguvu zaidi ya maradufu ilitoka wapi? Na kwa nini mwanafunzi aliyezoea ndege ya panga boi huonywa sana kuhusu throto (mkono wa kuongeza nguvu ya injini) anapokuja kutua?

Beringi:
Viper ilizaliwa kuwa injini ya kutupwa. Kampuni ya Armstrong Siddeley waliitengeneza kwa ajili ya Jindivik, ndege ya Australia isiyo na rubani iliyotumika kama shabaha. Ilikusudiwa kuishi saa 10 hivi, kwa hiyo hata oili ya kulainisha ilitumika mara moja ikamwagwa nje. Haikuwa na mzunguko wa kurudi. Kabla ya kumpakia mtu, ilibidi sehemu za muda mfupi zibadilishwe ziwe za kudumu.

Nguvu ikapanda kidogo kidogo: T.3 paundi 1,750, T.4 paundi 2,500. Ilihitajika kweli, kwani T.3 ilikuwa imeongezewa viti vya kujirusha vya Martin-Baker, na huo ni uzito. T.5 ya 1967 ikapata chumba cha marubani chenye shinikizo la hewa, lakini injini ikabaki ya paundi 2,500. Viper 535 ya Strikemaster ndiyo iliyoruka hatua kubwa. Toleo hilo la injini liliongezewa safu moja ya mapanga mbele ya kompresa (sehemu inayobana hewa), kutoka saba hadi nane. Hewa inayoingia inakuwa nyingi zaidi na inabanwa zaidi, hivyo unaweza kuchoma mafuta mengi bila kuiunda injini upya.

Kozi_Fupi:
Kuhusu throto. Kwenye ndege ya pistoni, ukisukuma throto panga boi linavuta mara moja, tena linapuliza hewa juu ya bawa na kuongeza nguvu ya kuinua ndege. Jeti haina msaada huo. Shafti na mapanga yake lazima yapate kasi kwanza, na msukumo haupandi sambamba na mizunguko: sehemu kubwa yake iko huko juu. Aliyeshuka na injini kwenye sailensa (mizunguko ya chini kabisa) akagundua yuko chini mno, atasukuma throto na kusubiri sekunde kadhaa huku ndege inazama.

Akilazimisha mafuta mengi kwa ghafla, joto la turbaini (mapanga ya nyuma yanayozungushwa na gesi ya moto) hupanda kupita kiasi, na hewa ndani ya kompresa inaweza kukatika mtiririko na kurudi nyuma kwa kishindo. Kidhibiti cha mafuta kimewekwa kuzuia hilo, na ndicho kinachofanya injini ionekane nzito kuitika.

Dawa yake: fungua breki za hewa (vibao vinavyotokeza nje kukinza upepo na kupunguza mwendo) ili uweze kuja na mizunguko ya juu. Ukiamua kupaa tena, sukuma throto na ufunge breki hizo. Kufunga husaidia papo hapo. Injini itakufikia baadaye.

Bawa_Nyuma:
Shukrani sana. Sasa mbona Hawk, ndege ya mafunzo ya Uingereza iliyokuja baadaye, haikuendelea na Viper?

Beringi:
Mafuta, mkuu. Viper ni turbojeti tupu: hewa yote inapita kwenye moto. Adour, injini ya Hawk, ina shafti mbili na sehemu ya hewa hupita pembeni mwa kiini, hivyo kwa kila paundi ya msukumo inakunywa pungufu sana. Ilitoka kwenye ndege ya kivita ya Jaguar, ikaondolewa kichoma-mafuta cha nyuma, ikabaki na paundi 5,200 hivi. Hawk iliruka Agosti 1974, na Kenya ikachukua 12.

Lakini Viper haikuishia hapo. New Zealand ilipochoshwa na nyufa za uchovu wa metali kwenye mabawa ya Strikemaster, ilinunua ndege za mafunzo za MB-339 za Italia, na ndani yake mna Viper, ya safu mbili za turbaini.